Kisu Kinaishia Wapi? Hotuba kwa Mafundi wa Ngozi Kuhusu Uso wa Meza ya Kukatia

Hotuba hii ilitolewa Dodoma mbele ya mafundi wa viatu, mikoba na mikanda. Imewekwa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mbukwenyi!

Ndugu mafundi, mama zangu wa vikundi vya mikoba, na ninyi vijana mnaojifunza kazi, ahsanteni kwa kufika na vumbi lote hili la leo. Nimepewa mada ya meza. Najua kuna mtu pale nyuma anajiuliza, meza nayo ni ya kuhutubiwa? Meza si mbao na miguu minne?

Tuanze na swali basi. Nani hapa mwezi huu amelalamika kwamba nyembe za siku hizi ni feki? Nyoosheni mikono. Haya, naona ni karibu ukumbi mzima. Shusheni. Swali la pili: wembe ukishapita kwenye ngozi na kutokea upande wa chini, unaishia wapi?

Kimya. Ndiyo mada yetu hiyo.

Ngozi ya mbuzi iliyosindikwa kwa kromu huwa na unene wa milimita 1 hivi, mara nyingi chini ya hapo. Ngozi ya ng'ombe ya kutengenezea mkanda ni milimita 3 hadi 4. Ili ikatike kabisa, isibaki na nyuzi za kuvuta kwa mkono, ncha ya kisu lazima ivuke na kuingia kwenye meza, nusu milimita au milimita nzima. Maana yake kila unapokata ngozi unakata na meza. Kila siku. Kila mstari.

Chukueni wembe mliouita feki muutazame vizuri. Pale juu kidogo bado unakata karatasi. Kilichokufa ni ncha, milimita 1 au 2 za mwisho. Nani kaiua? Ngozi inagusa sehemu kubwa ya makali. Kinachogusa ncha peke yake ni meza. Kabla hujamlaumu mwenye duka, kamuulize mwenye meza, na mwenye meza ni wewe.

Fundi mmoja wa makubazi alipata mabaki ya malumalu kutoka kwenye jengo, akaona bahati imemjia. Meza nzima ikawekwa malumalu: nyeupe, safi, haishiki gundi, inafutika kwa kitambaa. Ilipendeza kweli. Siku hiyohiyo nyembe zikaanza kuisha moja baada ya nyingine, na jambo la pili likajitokeza ambalo hakulitarajia: mistari yake ilikuwa inahama. Akifuata rula, kisu kinateleza pembeni. Akikandamiza zaidi ili kisitembee, rula nayo inasogea.

Kwa nini? Kwa sababu uso mgumu unafanya makosa mawili kwa pamoja. La kwanza mnalijua, unavunja ncha. La pili wengi hawalioni: kisu kinahitaji pa kushika. Ncha ikizama nusu milimita kwenye uso wenye ulaini wa kiasi, uso wenyewe unaiongoza, inakwenda moja kwa moja. Kwenye malumalu, kioo, graniti au bati nene, ncha haina pa kuzama, inaelea juu na kufuata mkono ulivyotetereka. Kwa hiyo kukatia, nasema kukatia, malumalu hapana. Kioo hapana. Graniti hapana. Chuma hapana. Tutavirudia baadaye kwa kazi nyingine, msivitupe.

Na hapa Dodoma kuna uso mgumu ambao hukuununua wala hukuuweka: mchanga. Mawe yetu haya ya graniti yakichakaa yanatoa chembe za kwazi, yale madini magumu ya mchanga, na kwazi ni ngumu kuliko chuma cha wembe. Kiangazi kinapoingia na upepo wa mashariki unapoanza kuvuma, meza bora kuliko zote inageuka msasa ndani ya saa moja. Makali yanapotea, na mbaya zaidi, ukilaza ngozi uso chini ukaivuta, inatoka na mikwaruzo ambayo nta haifuti. Usikung'ute kwa brashi, maana vumbi litapanda na kurudi palepale. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, subiri ukauke, ndipo ulaze ngozi. Na meza isikae mbele ya dirisha la mashariki. Huo ndio ushauri wa bei rahisi kuliko yote nitakayotoa leo.

Twende kwenye mbao, kwa sababu wengi wenu mnakatia juu ya plaiwudi.

Kuna mama mmoja anayetengeneza mikoba ya ngozi ya mbuzi. Mishipi ya mabegani anaikata kwa upana wa milimita 25. Ikawa kila mshipi una kiuno, mahali fulani upana unapungua hadi 23, kisha unarudi. Akabadilisha rula. Akabadilisha kisu. Akamgombeza kijana wake kwamba hayuko makini. Mwisho mtu akamwambia aweke mshipi palepale ulipokatiwa. Kiuno kilikuwa kinaangukia sehemu ileile ya meza, kwenye mfereji wa mikato ya zamani uliokuwa umekaa mshazari. Kisu kilikuwa kinafika pale, kinaingia kwenye mfereji, kinaufuata sentimita chache, kisha kinatoka.

Hiyo ndiyo tabia ya plaiwudi na ya ubao wowote uliolala. Nyuzi zake zimelala kama ulivyolala ubao wenyewe. Ukikata kwa kuzikatiza, unazikata, na kila uzi uliokatwa haurudi, kovu linabaki. Ukikata kwa kuzifuata, kisu kinavutwa na nyuzi. Baada ya miezi michache una meza yenye ramani ya barabara, na kisu chako kinasafiri kwenye barabara za jana. Aliye na plaiwudi tu na hana kingine, aifunike kwa hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuzi zilizoshindiliwa, upande unaoteleza juu, na akiona mifereji aitoe na kuweka nyingine. Hadibodi ni kitu cha kutumika na kutupwa, ndivyo ilivyo, usiionee huruma.

MDF je, ule ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa? Haina nyuzi ndefu zilizolala upande mmoja, hilo ni zuri, kisu hakivutwi. Lakini imeshikwa kwa gundi ngumu na inafanya wembe uchoke haraka kuliko mbao za kawaida. Na ikimwagikiwa maji, au ukilaza ngozi uliyoilowesha kwa ajili ya kuchora nakshi, inavimba na haisinyai. Mahali ilipovimba rula haikai tena. Chipubodi, ule ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa, ndiyo msiguse kabisa, inamong'onyoka na kuacha mashimo.

Sasa kuna ubao wa namna nyingine, na mmeuona tangu utotoni: gogo la buchani. Gogo lile limesimama. Nyuzi zake zinatazama juu. Kisu kinapoingia hakikati nyuzi, kinapita katikati yake, zinaachana na kukaribiana tena. Ndiyo maana gogo linapigwa shoka miaka na miaka bado lina uso. Kwa fundi wa ngozi uso wa nyuzi zilizosimama ni miongoni mwa nyuso nzuri kabisa za kukatia, na ni mzuri zaidi kwa kutobolea.

Unautengeneza hivi. Kata vipande vya mraba vya sentimita 7 kwa 7, urefu sentimita 7 au 8, vipange vikiwa vimesimama, gundi ya mbao kila upande, bana kwa klempu, na uzungushie fremu ya mbao yenye boliti ndefu za kukazia. Siku gundi ikikauka, piga randa au msasa hadi rula ya chuma ikilazwa popote isionyeshe mwanga chini yake.

Mti gani? Mninga ndio chaguo langu. Unatulia, hausinyai sana wala haupindi. Msonobari wa Mufindi ni laini na unauhurumia wembe, ila chagua vipande visivyo na utomvu, maana utomvu ukipata joto unatoka na kunata kwenye ngozi. Mtiki watu wanausifu kwa milango, na ni kweli, lakini una chembechembe za silika ndani ya nyuzi zake, unaua makali taratibu. Mkaratusi unapinda na kupasuka. Mpingo? Mpingo mpelekeeni mchonga vinyago. Ni mgumu mno, utakuwa umerudi kwenye malumalu.

Lakini sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo watu wa Dodoma wanapoumia. Mbao nyingi zinatoka Iringa, Njombe na Mbeya, kwenye baridi na unyevu. Ukizishusha hapa kwetu kwenye ukavu huu zinaanza kutoa maji na kusinyaa. Ukiziunganisha wiki zilipofika, kufikia Agosti una nyufa za kuingia kidole. Zipange kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite, ziache miezi kadhaa. Fundi mwenye haraka na mbao atazinunua mara mbili.

Na mafuta? Kuna mtu aliambiwa uso wa mbao unapakwa mafuta, akapaka ya alizeti, kwa sababu hapa na Singida alizeti ndiyo iliyopo. Wiki tatu baadaye uso unanata, unanuka, na kila ngozi nyeupe inayolazwa inatoka na doa. Mafuta ya alizeti hayakauki vizuri, yanabaki kama utomvu. Yanayokauka ni ya kitani, yale wanayouza kwenye maduka ya rangi. Paka kidogo, futa yaliyobaki juu, acha wiki 2 kabla ya kulaza ngozi. Na matambara uliyofutia usiyakunje ukayatupa kwenye kona: mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto, na tambara lililofumbatwa linaweza kuwaka lenyewe. Yatandaze nje yakauke yakiwa yamekunjuliwa, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji. Karakana yenye gundi na petroli haihitaji sababu nyingine ya kuungua.

Mnanifuata? Tuingie kwenye plastiki.

Plastiki ni jina la ukoo, ndani yake kuna watu wa tabia mbalimbali. Tunazozitafuta sisi ni mbili kwa karatasi nene, yaani bamba la plastiki, na moja kwa mkeka. Karatasi nene ni polithini ngumu, ile ya mbao nyeupe za kukatia nyama, na ndugu yake polipropilini, ambayo ni ngumu zaidi kidogo na hutumika sana viwandani chini ya visu vya umbo na mashine za kukandamiza. Kwa mkono, mimi ningechukua polithini. Ncha inazama vizuri, haivunjiki, na gundi ya viatu haishiki juu yake. Ikikauka unaibandua kwa ukucha. 

Unene? Milimita 10 hadi 12. Chini ya 6 inatikisika na kuinuka pembeni. Karatasi nzima ya futi 4 kwa 8 yenye milimita 12 ina uzito wa kilo 34 hivi, basi usitume mtoto mmoja kuibeba.

Sasa hadithi ya tangi. Karakana moja ilikuwa na tangi la maji lililopasuka. Wakasema, si plastiki hii hii? Wakalikata, wakapata kipande kikubwa, wakakipigilia misumari mezani pande zote. Asubuhi kilikuwa kimelala. Ilipofika saa nane mchana kipande kimeinuka katikati, misumari miwili imeng'oka. Walipokikandamiza upande huu kikainuka upande ule.

Makosa ni matatu. Tangi liliumbwa likiwa duara, na plastiki iliyoumbwa duara inakumbuka duara. Upande wake wa nje umepigwa jua miaka, umekuwa unga mweupe unaochafua ngozi. Na la tatu ndilo linalowahusu hata ninyi mtakaonunua karatasi mpya kabisa: plastiki hii inatanuka sana kwa joto. Hesabuni nami. Kila mita moja ya polithini inaongezeka takriban milimita 0.15 kwa kila nyuzi moja ya joto. Asubuhi ya Julai na mchana chini ya bati vinaweza kutofautiana nyuzi 15. Kwa karatasi ya futi 8 hiyo ni zaidi ya milimita 5. Umeibana pande zote, hizo milimita 5 ziende wapi? Zitapanda juu.

Kwa hiyo usiigandishe. Ilaze juu ya meza iliyonyooka, izungushie ukingo wa mbao, na uache nafasi ya milimita 5 kila upande. Ukilazimika kutumia skrubu, weka moja katikati iliyokazwa. Nyingine zote toboa tundu la milimita 10 kwa skrubu ya milimita 5, weka washa, kile kipete bapa cha chini ya kichwa cha skrubu, na uzamishe kichwa milimita 3 chini ya uso ili kisu kisije kukutana nacho. Gundi msihangaike nayo. Nimesema sasa hivi kwamba gundi haishiki juu. Basi haishiki na chini.

Uso ukichakaa unatoa manyoya meupe kwenye mikato. Pitisha randa kali, nyepesi, au kwangua kwa kipande cha bamba la chuma chenye ukingo ulionolewa. Ukishindwa, geuza. Karatasi hii ina nyuso mbili, na ni ajabu wangapi wanaisahau ya chini.

Halafu kuna mkeka wa kukatia, ule wa kijani wenye mistari ya sentimita, wanaosema unajiponya. Ni PVC ya tabaka, kwa kawaida milimita 3. Unajiponya kweli? Ndiyo, kwa masharti. Wembe uwe mwembamba, usimame wima, na mkato uwe mstari ulionyooka au pindo pana. Hapo PVC inaachana na kurudiana. Ukilaza kisu mshazari kinachonga kipande, na kilichotolewa hakirudi. Ukikata kona ya ghafla kwa kuzungusha kisu, unachimba. Kwa ngozi ya mbuzi na kitambaa cha ndani mkeka ni raha tupu. Kwa ngozi ya ng'ombe ya milimita 4 na kisu kinene, utaumaliza mapema.

Na adui yake ni joto. Ukiuacha kwenye bajaji juani, au ukauegemeza ukutani ukiwa umepinda, unachukua umbo hilo na hauliachi. Usiweke kikombe cha chai juu yake. Usiuoshe kwa maji ya moto; maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yanatosha. Thina usiiguse nayo, wala usiache gundi mbichi imwagike juu yake, maana vimumunyishi vya gundi vinailainisha PVC. Huoni tofauti? Polithini iwe meza, mkeka uwe kifaa cha juu ya meza, unatolewa kwa kazi nyembamba kisha unalazwa bapa kabatini.

Kapeti la plastiki la sebuleni, lile lenye maua, linaonekana karibu sawa na ni la bei nafuu. Chini yake ni povu. Kisu kinazama chote, ngozi inabonyea, mkato unakuwa na ukingo ulioinama. Na maua yenyewe ni rangi iliyochapwa; ikigusana na thina inahamia kwenye ngozi ya mteja.

Sasa jambo ambalo lingeweza kuwa hotuba peke yake. Mnatafuta uso mmoja wa kazi zote. Haupo.

Fundi mmoja alinunua mkeka mzuri, mkubwa, akafurahi, na akafanyia kila kitu juu yake. Akakata. Akatoboa matundu ya mikanda kwa panchi na nyundo. Akapunguza unene wa kingo za ngozi kwa kisu bapa. Mwezi haukuisha: mkeka una vidonda vya duara mahali pa panchi, kwa sababu panchi inakata duara kamili na kile cha katikati kinang'oka, na pale alipokuwa akipunguzia kingo umebanduka maganda. Mkeka ulikuwa na kosa gani? Hakuna. Ulipewa kazi tatu, unajua moja.

Kupunguza unene wa ukingo kunataka uso mgumu na wenye kuteleza. Hapa ndipo kioo na graniti vinaporudi kazini. Kisu kimelala karibu bapa, makali yanateleza sambamba na uso, hayaugongi. Ukipunguzia juu ya plastiki, ngozi nyembamba inabonyea na kisu kinatoboa. Nendeni kwa mafundi wanaotengeneza kaunta za graniti za jikoni, ombeni kipande kilichong'arishwa cha sentimita 30 kwa 30. Kingo zake zisugueni kwa jiwe zisikwaruze. Ukitumia kioo kiwe cha milimita 10, kingo zimesagwa, na chini yake kuna kitambaa au raba. Lakini nyundo isikikaribie.

Kutoboa kunataka uzito chini na ulaini juu. Uzito ili nguvu ya nyundo isipotee kwenye kutikisika. Ulaini ili panchi isivunjike meno. Gogo lenye nyuzi zilizosimama linatosha lenyewe. Ama weka kipande cha graniti cha sentimita 5, juu yake polithini ya milimita 10. Na mahali pa kuweka? Juu ya mguu wa meza. Si katikati ya meza. Katikati meza inadunda, unapiga mara nne kwa tundu lililopaswa kutoka kwa pigo moja. Raba ya tairi kama uso wa kutobolea siipendi: ngozi inazama pamoja na panchi, tundu linatoka na ukingo uliochanika, na ule weusi wa raba unahamia kwenye ngozi ya rangi nyepesi. Chini ya miguu ya meza, kupunguza kelele, hapo raba inafaa.

Niseme haraka juu ya madoa. Ngozi iliyosindikwa kwa magome, kama ya miwati, ikiwa na unyevu ikagusa chuma, inaota doa jeusi lenye ubluu. Kuna mtu alipoteza kazi ya mikanda hivyo. Alilowesha ngozi, akailaza usiku juu ya meza ya bati, asubuhi ina alama za kila kichwa cha skrubu. Ni tanini, ile dawa ya magome iliyosindika ngozi, inakutana na chuma, ndiyo kanuni ileile ya wino wa zamani. Doa bichi unaweza kulipunguza kwa maji ya limau, kisha unasuuza. Doa la siku nyingi lipake rangi nyeusi uuze mkanda mweusi. Basi uso wako usiwe na chuma kinachoonekana popote, na hata rula ya chuma usiilaze juu ya ngozi yenye unyevu ukaenda kula.

Vipimo vya meza yenyewe. Kimo: simama wima, kunja kiwiko, shuka sentimita 10 hadi 15. Kwa wengi inakuja karibu sentimita 90. Mafundi wengi hapa mnakatia kwenye viti vifupi, mgongo mnaujua wenyewe. Upana: sentimita 75 hadi 90 kama meza iko ukutani, kwa sababu mkono haufiki zaidi bila kuinama. Anayeweza kuizunguka pande zote afikishe mita 1.2. Urefu uwe wa kulaza nusu ya ngozi ya ng'ombe bila kuning'inia, karibu mita 2, maana ngozi inayoning'inia inajivuta kwa uzito wake na kipande kinatoka kimepinda ingawa kisu kilinyooka. Chini ya uso weka plaiwudi ya milimita 18 juu ya fremu yenye mbao za kukatiza kila sentimita 40. Rangi ya uso iwe ya wastani, kijivu au kijani. Nyeupe kabisa inarudisha mwanga machoni mchana wa Dodoma, na nyeusi inaficha mchoro wa kalamu.

Kama pesa ni kidogo, na najua ni kidogo, anzeni hivi: kipande cha polithini cha sentimita 60 kwa 60 tu, kilazwe katikati ya meza mliyonayo. Mabaki ya graniti. Gogo moja. Karatasi kubwa itakuja baadaye. Anayeuza plastiki akikwambia ni polithini na huna uhakika, tumbukiza kipande kwenye maji: polithini na polipropilini zinaelea, PVC inazama.

Sasa tusogee kwenye meza ile ya pembeni. Kuna nyuso saba pale: plaiwudi, hadibodi, MDF, gogo la mninga, polithini, mkeka na malumalu. Kila uso una wembe wake mpya, umefungwa karatasi yenye jina la uso huo, msichanganye nyembe. Kila kundi likate mistari 20 ya sentimita 30 kwenye ngozi ileile ya ng'ombe, kisha likate karatasi ya gazeti kwa ncha tu. Karatasi ikichanika badala ya kukatika, ncha imekufa. Vijana wa upande wa kushoto, ninyi anzeni na malumalu. Rula zishikwe vizuri, na vidole viwe nyuma ya ukingo.